Tupeane uzoefu: skonzi za matunda zisizokauka, wapishi wa Mwanza mnafanyaje?

MpishiNyegezi

Wakuu, habari za Jumapili. Skonzi za dukani tumezizoea: asubuhi laini, jioni ukiibonyeza inakutazama tu. Nataka tuzungumzie zile za kupika nyumbani, zenye zabibu kavu, ndizi au nanasi, ambazo kesho yake bado zinalika bila kuzamishwa kwenye chai.

Naanza mimi. Natumia hamira, na jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni kuuacha unga unate. Watu wengi wakiona unga umeng'ang'ania vidole wanaongeza ngano, kiganja baada ya kiganja, mpaka donge linakuwa gumu kama la chapati. Hapo umeshapika skonzi kavu kabla hujawasha jiko. Paka mafuta mikononi, kanda dakika 10 bila huruma, kunata kutapungua kwenyewe.

Kipimo: unga wa ngano nusu kilo, hamira ya chenga kijiko cha chai 1 na nusu, sukari vijiko vya mezani 4, siagi vijiko 3, yai 1, maziwa ya uvuguvugu kikombe 1 na kidogo, chumvi, hiliki, zabibu kavu nusu kikombe. Leteni yenu. Na anayepima kwa macho atueleze macho yanaona nini.

BibiPasiansi

Mwanangu, umeanza vizuri ila zabibu umezipita mbio. Zabibu kavu ikiingia kavu inakunywa maji ya donge, halafu wewe unalaumu unga. Mimi naziloweka kwenye chai ya rangi ya moto nusu saa, au juisi ya machungwa ya Ukerewe kama msimu umefika. Nachuja, nakausha kwa kitambaa, napakaza unga kidogo ndipo zinaingia mwishoni kabisa, donge likishakandwa. Na wakati wa kuviringisha, zilizochomoza juu zisukume ndani kwa kidole. Zikibaki nje zinaungua, zinakuwa chungu.

MpishiNyegezi

Shikamoo bibi. Hiyo ya chai ya rangi naichukua leo leo.

MamaMwaloni

Mimi nauza chai na skonzi kule Mwaloni, Kirumba, tangu alfajiri wakati magari ya dagaa yanapakia. Wateja wangu hawana subira na skonzi kavu, wanakurudishia ikiwa imeng'atwa.

Mimi ni ndizi tu. Ndizi 2 mbivu zilizoanza madoa meusi kwa nusu kilo ya unga, naziponda kwa uma mpaka zilainike, halafu maziwa nayapunguza yabaki kama nusu kikombe. Nayamimina kidogo kidogo, maana ndizi hazilingani maji. Sukari pia napunguza. Wengi wanaongeza ndizi juu ya kipimo kilekile cha maziwa, wanapata uji, wanarudi kwenye kuongeza unga, na tumeshasikia hapo juu mwisho wake.

Jingine ni kauji. Unga vijiko vya mezani 3 na maziwa nusu kikombe, koroga baridi kwanza visiwe na madonge, weka kwenye moto mdogo ukikoroga mpaka kijiko kinaacha njia chini ya sufuria. Acha kauji kapoe, kisha changanya na unga mwingine. Maziwa hayo ni sehemu ya kipimo chako, si ya nyongeza. Unga ukishaiva hivyo unabeba maji mengi kuliko unga mbichi, na hayatoki upesi. Skonzi za jana nikizipasha hakuna anayejua ni za jana. (Wateja wangu kama mko humu, sijasema kitu.)

Na ndoo ya skonzi msiiweke jirani na magunia ya dagaa hata kwa dakika 5. Siagi inavuta harufu.

KijanaKisesa

Mama, heshima yako. Naomba msaada. Mimi nilitaka ya nanasi, lile tamu la Geita. Nikalikatakata dogodogo, nikalitia bichi kwenye donge la hamira, nikaacha liumuke. Niliporudi donge limelegea, linavutika halikamatiki, hata kuviringisha haiwezekani. Hamira mbovu au?

JikoLaHoteli

Hamira yako haina kosa. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, na ule uimara wa donge la ngano ni protini tupu. Ukiliacha humo saa nzima linatafuna kila ulichokanda. Papai bichi lina tabia hiyohiyo, ndiyo maana watu wanalainishia nyama. Dawa yake ni moto: pika vipande na sukari kidogo mpaka maji yakauke na nanasi ling'ae, poza kabisa, halafu tia. Nanasi la kopo halina shida hiyo kwa sababu limeshapikwa.

Nikiwa hapa niongeze. Skonzi mnazozungumzia ni mkate mdogo wa hamira. Ile ya Waingereza haina hamira kabisa, ni ya beking pauda, na ufundi wake ni kinyume cha huu: hukandi. Unga gramu 250, beking pauda vijiko vya chai 3, sukari vijiko vya mezani 2, chumvi kidogo. Siagi baridi gramu 60 unaisugua kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka iwe chengachenga. Zabibu, kisha maziwa mgando kama mililita 150, unachanganya kwa kisu mpaka vishikane tu. Usisukume nyembamba, unene uwe sentimita 3 hivi, kata, oveni iwe imeshafika nyuzi 220, dakika 12 hadi 15. Moto mkali wa muda mfupi ndio unaobakiza unyevu ndani. Moto wa taratibu unazikausha. Lakini hizo ni za kuliwa siku hiyohiyo, nakubali.

MamaMwaloni

Za siku hiyohiyo mimi zinanitia hasara. Naendelea na hamira yangu.

MkaaNaMchanga

Oveni, oveni... na sisi wa jiko la mkaa je? Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, kigae juu ya mchanga, trei juu ya kigae, mfuniko wa bati wenye mkaa. Makaa mengi yawe juu, chini machache. Wengi hufanya kinyume, kitako kinaungua huku juu kumepauka, halafu wanaziacha zaidi ili zipate rangi. Hapo unyevu umeondoka. Zikitoka tu, pakaa siagi juu na uzifunike kwa kitambaa safi mpaka zipoe, mvuke wake wenyewe unalainisha ganda.

MgeniKutokaDar

Nimehamia Buzuruga kutoka Dar na kipimo changu cha miaka yote kikanigomea. Donge linaumuka haraka, likiokwa linakauka. Fundi mmoja wa mikate akaniambia huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi, donge linapanda upesi na maji yanapaa upesi. Nimepunguza hamira kidogo, nimeongeza maziwa vijiko 2, na siangalii tena saa. Donge likifika maradufu naoka, hata kama ni mapema. Na Julai upepo ukivuma, nafunika kwa kitambaa kibichi, la sivyo linaota gamba.

BibiPasiansi

Kabla sijalala: msiweke skonzi kwenye friji jamani. Baridi ya friji inaugumisha mkate haraka kuliko ukiuacha kabatini. Za kesho zikae kwenye chombo chenye mfuniko. Za wiki ijayo zigandishwe kabisa kule juu kwenye barafu, halafu uzipashe zikiwa zimefunikwa.

KijanaKisesa

Wabeja sana bibi, na wewe mkuu wa hoteli. Nanasi liko kwenye sufuria sasa hivi, limeanza kung'aa. Swali la mwisho: hilo la kupikwa nalo nalipakaza unga kama zabibu?

JikoLaHoteli

Lipakaze, ila likipoa kwanza. Likiwa la moto unga utaganda na siagi itayeyuka.