Naombeni ushauri: nataka kukata fenda za nyuma za Mark II mwenyewe, rimu 9J zikae

Mpole wa Tabata: Habari za usiku wakuu. Nina Mark II GX110. Nimepata rimu za mtumba inchi 17, upana 9J (yaani inchi 9), ofseti 20 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa bolti), bei nzuri nikaona nisiziache. Mbele zimekaa kwa kubanana, nyuma zimetokeza nje ya bodi. Nikipita tuta, tairi inalia kwenye ukingo wa fenda. Nina grenda, nyundo, na muda nikitoka kazini. Swali ni moja tu: ukingo wa nyuma nianzie kukata wapi, niishie wapi? Sitaki kuambiwa nirudishe rimu. Siku ya pili leo silali vizuri.

Chumvi Nyingi: Rudisha rimu.

Kigogo Mstaafu: Vijana mna hela za kuchezea. Mwaka 1983 nilikuwa na Peugeot 504, tairi unaipata kwa kibali, na kibali mpaka umjue mtu. Ikitoboka tunatia kiraka kwa ndani, gari inatoka Dodoma mpaka Dar inarukaruka kama mbuzi. Na ilifika! Wewe una tairi nne nzima halafu unakata bodi ili zionekane.

Bati Kavu: Tupige hesabu kwanza. Rimu za mwanzo kwa ndani zimeandikwaje?

Mpole wa Tabata: Zilikuwa 6½JJ, ofseti 50.

Bati Kavu: Basi umeongeza inchi mbili na nusu, kama milimita 64. Nusu inaenda nje, nusu ndani, 32 kila upande. Ofseti nayo imeshuka kutoka 50 hadi 20, inaisukuma rimu yote nje milimita 30 nyingine. Jumla imetoka nje 62, ndani imeongeza 2 tu. Hakuna fenda ya kiwandani inayoficha sentimita 6. Ukingo ukiupasha hewa ya moto ukaukunja taratibu, unapata nafasi ya unene wa kidole. Kuukata kunaipa tairi njia ya kupanda juu, lakini pembeni itabaki imetokeza vilevile. Tairi zenyewe namba ngapi?

Mpole wa Tabata: 215/45.

Bati Kavu: Hizo mwisho wake rimu 8J. Hapo umezivuta mpaka ubavu umelala, shimo moja tu hewa inatokea ukingoni. Halafu nikuulize: umeshakata?

Mpole wa Tabata: Kidogo. Kushoto. Kama sentimita 4.

MamaWawili: Nimeusoma uzi mara mbili. Umeandika "nina Mark II", hujaandika popote "gari yangu". Ni ya nani?

Mpole wa Tabata: Ya shemeji, mume wa dada. Yuko Muscat kikazi, kaniachia niwe naiwasha kila wiki betri isife. Anarudi Desemba. Lakini msinihukumu, ilikuwa imepauka, nimeing'arisha, oili nimebadilisha kwa hela yangu. Nikimaliza itakuwa nzuri kuliko alivyoiacha. Na kushoto kukishakatwa, kulia lazima kufanane. Hilo hata yeye ataliona.

Chumvi Nyingi: Angekuachia ng'ombe umnyweshe maji, ungemkata pembe.

MamaWawili: Kaka yangu tulimwachia nyumba ya marehemu baba aiangalie. Nimeenda Pasaka nakuta kabomoa ukuta wa jiko, kaweka dirisha la kuuzia chipsi. Eti kaiongezea thamani. Mpaka leo kwenye harusi za ukoo tunakaa meza tofauti. Mwambie dada yako leo hii, kabla hajatoka nje akaona mwenyewe.

Bin Tanga: Wakuu, hii chai, tena ya maziwa. Bodi nimefanya miaka. Fenda ya nyuma ya gari hizi ni bati mbili, la nje na la ndani, zimeshikana palepale ukingoni. Ukitoa sentimita 4 umekata maungio, unabaki na mwanya. Aliyekata kweli angeanza na huo mwanya, siyo kelele za tuta. Picha hamna. Watu mnatunga mkiwa kitandani.

Kigogo Mstaafu: Hata mimi nilijiuliza, grenda ilie usiku Tabata, majirani wakae kimya?

Chumvi Nyingi: Picha, mkuu.

Mpole wa Tabata: Mwanya upo, nilikaa kimya kwa aibu. Jana nimefungua buti nikakuta matope juu ya tairi ya akiba. Nikawasha tochi ya simu ndani ya buti, mwanga ukatokea kwenye gurudumu. Nimepaziba na mfuko wa sukari na solotepu. Picha siweki, shemeji naye ni mwanachama humu.

Bati Kavu: Huyu hatungi. Mfuko wa sukari hautungiki. Sasa sikia, kulia usiguse. Na kama mdomo wa kujazia mafuta uko upande ule uliokata, shukuru Mungu, cheche za grenda na mvuke wa petroli havijuani. Kazi iliyobaki: bati la ndani lipigwe likutane na la nje, lichomelewe mzunguko mzima, betri ikiwa imechomolewa na kapeti la buti liko nje. Lipakwe dawa ya kutu, lizibwe maji yasipite, ndipo pati ya kusawazisha bodi na rangi. Ukikimbilia pati peke yake itapasuka, na hewa ya chumvi ya Dar italila bati kutoka ndani. Fenda ya mbele ingekuwa bolti tu, unanunua nyingine. Ya nyuma ndiyo bodi yenyewe.

Mpole wa Tabata: Jirani ana mashine ya kuchomelea mageti.

Bati Kavu: Itatoboa hilo bati kama karatasi. Njoo PM, Jumamosi uilete gereji. Uje na rimu za shemeji, nataka kuiona gari imesimama ilivyokuwa.

Mpole wa Tabata: Zile ndizo nilizitoa, nikaongezea hela kidogo, nikapewa hizi.

Chumvi Nyingi: Mkuu.