Mke wangu ana ugonjwa wa kusahau. Nyumba ya wazee nitaijuaje kama ni nzuri?

Mzee wa Kibokoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika usiku kwa sababu ndio wakati nnaoupata, na hata sasa sikio langu moja liko chumbani.

Mke wangu ana miaka 67, na mwaka huu tumetimiza miaka 44 ya ndoa. Wengi wa mtaani mwamjua kwa mapishi. Harusi ikiwa ya kilo 40 za mchele, alikuwa akitia chumvi kwa kiganja na haonji, na haikuzidi wala kupungua. Miaka minne iliyopita alianza kuuliza neno moja mara tatu, nikasema ni umri. Kisha asubuhi moja nikamkuta jikoni ameshakanda unga wa mahamri, umeumuka vizuri, amesimama mbele yake mikono imejaa unga. Akaniuliza kinachofuata ni nini. Nikamwambia, "Husukumwa." Akasema, "Halafu?" Nikakaa kwenye kibao pale pale jikoni, miguu haikunibeba.

Kwa waganga tulipelekwa na jamaa, sitaki kurefusha hayo. Hospitali walimpima damu, wakampiga picha ya kichwa, na daktari akasema ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo, na kwamba dawa za kuuponya hakuna.

Mwezi wa nane alitoka alfajiri nami niko msikitini. Tulimpata Likoni, ng'ambo ya pili ya kivuko cha Mombasa. Kwenye feri wa miguu halipi, basi hakuna aliyemsimamisha kumuuliza aenda wapi. Alikuwa amejitanda leso, miguuni kandambili za rangi mbili, amtafuta mamake Timbwani. Mamake alifariki 1996. Tangu siku hiyo mlango una kufuli, na kila nikiifunga ile kufuli anatazama mkono wangu.

Namuogesha mwenyewe, namlisha, usiku naamka mara nne au tano. Mimi nina 71, goti bovu na presha. Mwezi uliopita alinishika tukaanguka wote wawili msalani, tukalala pale sakafuni mpaka jirani aliposikia. Binti yetu yuko Dammam, Saudia, kikazi, kila mwezi aleta pesa. Kijana yuko Changamwe, kazi ya zamu. Mkewe alijitahidi miezi mitatu, lakini bibi yangu akimwona humwita mwizi, na msichana wa watu akawa analia.

Nimekwenda kuona nyumba mbili. Ya Nyali ni shilingi 85,000 kwa mwezi. Sakafu yang'aa, jenereta ipo, kamera zipo. Wazee kumi na mmoja walikuwa wamekalishwa mstari mmoja mbele ya televisheni, nikapita nyuma yao nikitoa salamu na hakuna aliyegeuka. Aliyenitembeza alizungumza nusu saa nzima na hakuniuliza hata jina la mke wangu. Ya pili iko Bamburi, 60,000. Ni nyumba ya kawaida yenye ua na mwarobaini, rangi imebanduka, ujia wa nyuma wanuka mkojo, na vidato vya kuingilia havina cha kushikia. Kadi ya SHA, bima ya afya ya serikali, kote kuwili hawaipokei kwa malazi.

Shemeji yangu ameniambia mbele ya watu, "Sema tu umemchoka dadangu." Sikumjibu. Nawauliza nyinyi mliopitia: mtu huangalia nini? Nyumba yenye kumtazama kama mtu nitaitambuaje kwa kutembelea saa moja tu?

---

Nesi mstaafu, Tudor

Wa alaykum salaam kaka yangu, na pole sana. Wodi za wazee nimezifanyia kazi miaka mingi, nitakwambia ninavyotazama mimi.

Kwanza usiende asubuhi. Asubuhi kila nyumba ni safi. Nenda magharibi bila kupiga simu, kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Huo ndio wakati wagonjwa hawa huchafukwa na moyo, wakataka kwenda kwao, wakalia, wakagonga milango. Simama kando utazame wafanyakazi wanafanya nini. Akiwepo anayembishia mgonjwa, "Mama yako alishakufa, kaa chini," ondoka. Akiwepo anayemshika mkono akatembea naye mpaka kwenye ua huku akimuuliza habari za huyo mama, hapo pana mtu anayeijua kazi.

Uliza usiku wanabaki wangapi, na usiridhike na jibu la mwenye nyumba, muulize anayelala zamu mwenyewe. Kisha omba kuona visigino vya mgonjwa asiyeinuka kitandani, kwa idhini ya watu wake. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila saa mbili, la sivyo atatoka vidonda vya kulalia, na kisigino na kifupa cha juu ya makalio ndiko huanzia. Tazama na kucha, na vikombe vya maji viko wapi. Mgonjwa wa kusahau husahau na kiu, hataomba maji.

Hili la dawa nalisisitiza mno. Uliza: mtu akisumbua usiku mwampa nini? Kuna dawa za wagonjwa wa akili ambazo hutumika kuwatuliza wazee, na kwa mwenye ugonjwa huu huongeza hatari ya kiharusi na hata ya kifo. Daktari anaweza kuziandika kwa muda mfupi mambo yakizidi, lakini zisiwe za kila jioni ili zamu ipumzike. Wale wazee kumi na mmoja wasiogeuka ulipowasalimu wamenitia wasiwasi. Sisemi ndivyo ilivyo, nasema uliza.

Na akibadilika ghafla, jana alikuwa akizungumza leo apayuka au asinzia mchana kutwa, isisemwe ni ule ugonjwa umezidi. Apimwe mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa mwanamke mzee huweza kumvuruga akili kwa siku moja, na yakitibiwa anaweza kurudi pale alipokuwa. Nimeona waliokwisha kukatiwa tamaa wakarudi.

Harufu ya mkojo saa ambayo watu wabadilishwa pampasi ni jambo la kawaida. Ikiwepo asubuhi, mchana na jioni, hapo ni uzembe. Rudi mara mbili tatu ujue ni ipi.

---

Binti wa mwisho

Shikamoo baba. Nilipofika pale kwenye unga wa mahamri nililia.

Sisi tulikosea na mama, nakueleza ili usikosee. Tulimpeleka bara karibu na kaka zetu wanakofanya kazi, nyumba nzuri, bustani, kila kitu. Mama ni wa Pate, kisiwa cha upande wa Lamu. Kiswahili cha shule hakuwahi kukizungumza, na ugonjwa ulivyozidi hata kile cha Mombasa kilimtoka, akabaki na cha kwao tu. Wale wasichana walikuwa wapole wallahi, lakini wakimsemesha hawafahamu, naye akijibu hawafahamu. Baada ya miezi miwili akanyamaza kabisa. Tukaambiwa ndivyo ugonjwa unavyokwenda, tukakubali. Kisha wakaajiri msichana wa Lamu. Siku ya pili ananipigia simu: mama yako ameniuliza mimi ni wa mlango gani, yaani ukoo gani. Miezi saba hakuwa amesema neno! Kumbe hakuwa na wa kusema naye.

Basi sikiliza wanavyozungumza pale. Na kabla ya kumpeleka, andika ukurasa mmoja kumhusu: aitwe nani, alale upande gani, chai ya namna gani, asichokipenda, anachokiogopa, wimbo gani, swala zake, nani amuogeshe. Sema wazi kwamba mwanamume asimuogeshe. Wapatie kisha waulize baada ya wiki yaliyoandikwa mle. Ukiona hakuna aliyeusoma, umeshajua.

Na umbali, baba. Sisi tulikuwa tukienda mara moja kwa mwezi, nao walijua tutakuja lini. Chagua unakofika kwa matatu moja.

---

Baba Wawili, Likoni

Mwenzangu, mimi nitasema tofauti na usinichukie. Mke wangu amekuwa hivyo miaka sita na yuko nyumbani mpaka leo. Nina wanawake wawili wa kumlea, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, na wote pamoja nawalipa 38,000. Ni chini ya hizo ulizotajiwa. Mlango niliupaka rangi moja na ukuta nikatundika pazia, akaacha kuuendea. Msalani nikafunga vyuma vya kushikia na kiti cha plastiki cha kuogea. Ndani ya nyumba yake anajua kila kona hata kama hanijui mimi.

Sikuhukumu. Nilikuwa na ndugu watatu wa kike karibu na wajukuu wa kutumwa, wewe hunao. Lakini binti yako aleta pesa: jaribu kwanza mlezi wa usiku mmoja tu, ulale. Mtu asiyelala haamui vizuri. Mimi mwaka wa pili nilimpiga kofi mkono wake, alikuwa ameshika kisu. Kabla ya hapo sikuwahi kuinua mkono kwake maishani. Ndipo nikaajiri.

---

Karani wa mahakamani

Mzee wangu, kidogo tu, kwa sababu watu hukumbuka wameshachelewa. Kama kuna nyumba, kiwanja au akaunti kwa jina la mama, wewe huwezi kuitia sahihi kwa kuwa ni mumewe tu. Hati ya uwakala hutolewa na mtu mwenye akili timamu, akishapoteza fahamu ya mambo yake haikusaidii. Njia iliyobaki ni kuomba amri ya mahakama chini ya Sheria ya Afya ya Akili usimamie mali yake, ukiwa na ripoti ya daktari. Anza sasa. Na mkataba wa hiyo nyumba ya wazee uusome mpaka mwisho: akilazwa hospitali mwalipa nusu au kamili, na akifariki katikati ya mwezi je.

---

Mzee wa Kibokoni

Ndugu zangu, Mungu awalipe. Imepita wiki tatu, nimefanya mlivyonambia.

Mlezi wa usiku nimemwajiri, mama mtu mzima wa Kisauni. Nimelala usiku sita mfululizo. Baba Wawili, ulisema kweli, kichwa kimetulia. Lakini mchana umebaki vile vile, na goti ni hili hili.

Nyali nilikwenda magharibi, mlinzi akanirudisha getini, mwisho wa wageni ni saa kumi. Nikapiga simu kuuliza ya dawa, nikaambiwa hayo ni ya daktari.

Bamburi nilikwenda na mke wangu, na shemeji nikamchukua pia, aone mwenyewe. Saa kumi na mbili na robo. Kulikuwa na bibi mmoja akilia kwamba watoto wake wako nje wanyeshewa, na mvua hakuna. Mlezi akachukua mwavuli, akatoka naye hadi kwenye mwarobaini, wakazunguka, wakarudi. Yule bibi akaketi akanywa uji.

Mke wangu alikuwa ameshaanza "twende kwetu" zake. Akapita jikoni, akaiona mbuzi na nazi iliyopasuliwa. Akaketi. Mpishi alikuwa msichana mdogo tu, nilidhani atamwondoa. Akaweka mguu wake kwenye mbuzi isicheze, akamsogezea sinia, akaendelea kumenya vitunguu. Bibi yangu akakuna kifuu chote mpaka ukaonekana weusi, kisha akakigeuza kuangalia kama kimebaki kitu, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Akamwambia yule msichana, "Tui la kwanza weka kando." Miezi mingi sijasikia sentensi nzima namna hiyo. Shemeji yangu aligeukia ukutani.

Ya usiku niliuliza: wako wawili kwa wazee tisa, na mmoja wao akanitajia majina ya wote tisa na nani huamka saa ngapi. Vidato nimewaambia bila cha kushikia simleti. Jumatano nilipopita fundi alikuwa anachomelea. Harufu ya ujiani nimeirudia mara tatu, mara moja tu niliisikia.

Halali huko bado. Tumekubaliana wiki mbili za mchana tu, 1,500 kwa siku, jioni arudi kwake. Baada ya hapo tutakaa, mimi na watoto na shemeji. Ukurasa nimeuandika, umekuwa kurasa tatu. Karani, chumba cha Kisauni ni cha jina lake, Jumatatu nina miadi na wakili.

Kesho saa mbili tunaondoka na tuktuk. Nimemtilia mbuzi yake kwenye kikapu, ile ya kule ni fupi, itamuumiza mgongo.