Polisi ni wa raia au wa serikali? Naombeni ushauri, mdogo wangu yuko njia panda

Mpitanjia: Habari za muda huu wakuu. Mdogo wangu ni askari, mwaka wa sita kazini. Anataka kuacha, anadai haelewi tena anamtumikia nani. Mimi namwambia avumilie, ajira zenyewe hazipo. Hebu niambieni, polisi kawekwa kwa ajili ya raia au dola? Usingizi hakuna. Mkubwa akishatuambia ripoti iandikwe hivi, unakimbilia wapi? Matusi hapana.

Kifutu: Nimewahi siti ya mbele.

Kalamu Butu: Swali zuri, ila jibu lipo kwenye historia. Paris mwaka 1667 mfalme Louis XIV alimteua La Reynie kuwa mkuu wa polisi. Akaleta taa za barabarani, akasafisha mitaa, na hapohapo akawa ananusanusa waandishi wa vijitabu vya kumsema mfalme. Kazi zote mbili, mtu mmoja! London 1829 Robert Peel akaja na askari wa sare ya buluu, makusudi wasifanane na wanajeshi waliovaa nyekundu, maana wananchi walikuwa na hofu ya jeshi mitaani. Ireland Waingereza hao hao waliweka polisi wa bunduki, wanaoishi kambini. Makoloni mengi yakapelekewa huo wa Ireland. Sasa jiulize kwa nini.

MamaWawili: Mimi historia siijui, ila nilivamiwa usiku, nikapiga simu nimejificha chini ya kitanda. Wakaniuliza, wezi bado wapo? Nikasema ndiyo. Wakasema basi wakiondoka utujulishe tuje kuchukua maelezo. Ajabu ni kwamba askari wa kituo hicho hicho ndiye aliyembeba mwanangu mgongoni siku ya mafuriko, maji yakimfika kifuani. Hata sijui nimweke fungu gani.

Kalamu Butu: Dada, hilo la simu hata mahakamani limefika. Mji wa Castle Rock, Marekani, mwaka 1999, mama alikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mumewe. Mume akachukua mabinti zao watatu, mama akawapigia polisi mara kadhaa usiku ule, hawakumtafuta. Watoto wakauawa. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikasema katiba haimpi haki ya kudai polisi waitekeleze ile amri.

Jicho la Tai: Mleta mada, umeandika "akishatuambia". Hiyo "tu" imeingiaje kwenye habari za mdogo wako?

Kifutu: Heeee! Sarufi imemkamata kabla ya polisi.

Mpitanjia: (baada ya saa nne) Sawa. Ni mimi. Tulitumwa kutawanya watu, hawakuwa na kitu mkononi. Mwenzangu akampiga kijana mmoja kirungu cha kichwa, hajazinduka mpaka leo. Nimeambiwa niandike kwamba walianza wao kurusha mawe. Nimeshasaini. Kabla hamjanihukumu, nina watoto watatu, na kama si mimi angesaini mwingine. Kwani kijana angepona nisiposaini?

Mja Mnyonge: Mche Mungu. Mkate wa dhuluma haushibishi.

Kalamu Butu: "Nilitumwa" si kinga. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu nguvu na silaha zinasema hivyo kama amri ilikuwa haramu waziwazi na ulikuwa na nafasi ya kukataa. Zinasema pia anayekataa amri ya aina hiyo asiadhibiwe.

Mpitanjia: Zinasema. Njoo ukae lindo na mimi halafu uzisome kwa sauti.

Sijali Tena: Wakuu mnakunywa chai tu humu. Askari wa miaka sita anaita maelezo "ripoti"? Na kwa nini alianza na mdogo wake? Huyu ni mwanafunzi, kapewa swali la insha, anawatumia nyie kama maktaba.

Kifutu: Chai ya maziwa kabisa. Kalamu Butu kamwandikia insha nzima.

Kalamu Butu: Hata kama ni insha, nilichoandika ni kweli.

MamaWawili: Ikiwa chai ni hasara yangu dakika tano. Isipokuwa chai, kuna mama amekaa pembeni ya kitanda.

Mpitanjia: Niliandika ripoti makusudi, wenzangu wanasoma humu. Aminini mtakavyo. Maelezo ya kwanza niliyaandika usiku uleule kama nilivyoona, yakarudishwa nikaambiwa nichane. Sikuchana.

Sijali Tena: Yapige picha uyaweke hapa tuone.

Jicho la Tai: Usiweke. Hiyo karatasi itoe nyumbani kwako leo, mpe wakili. Na humu usirudi.