Mrejesho: Muhula wa kusafiri bila kuacha masomo

Kabla ya muhula kuanza niliuliza iwapo mwanafunzi wa mpango wa kubadilishana barani Ulaya anaweza kusafiri bila masomo yake kuyumba, nanyi mkanishauri nihesabu kwanza saa za kazi. Ushauri huo ulinifaa sana, kwa kuwa muhula kamili katika ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima na kuhamisha krediti (vipimo vya mzigo wa masomo), una krediti 30, na kila moja hudai saa 25 hadi 30 za kusoma, zikiwamo zile za nje ya darasa ambazo ratiba haizionyeshi. Kwa hiyo mimi na wenzangu wa bwenini tulisafiri katika wiki zisizo na kazi za kuwasilisha, tukisoma ndani ya treni (mahali patulivu kuliko maktaba, kwa maoni yangu). Mitihani yote nimefaulu, na wenzangu hao bado tunaandikiana.