Naombeni ushauri: kupima gesi ya radoni nyumbani, Tanga

Wakuu habari za saa hizi. Niko Tanga, huku Pongwe kwenye mawe ya chokaa. Sasa bro wangu yuko Marekani kanunua nyumba, kabla hajalipa wakapima gesi ya mionzi inaitwa radoni, ikakutwa juu ya kile kiwango cha kwao cha kuchukua hatua (pikokyuri 4 kwa lita, kama bekereli 148 kwa mita ya ujazo), wakafunga bomba na feni ya kuinyonya toka chini ya sakafu hadi juu ya paa. Ndo kanipigia usiku kuniuliza "na mzee analala wapi?"

Mzee analala kile chumba cha nyuma, tulichimba chini kidogo kiwe stoo, kina kidirisha kimoja tu na kakiziba na gunia sababu ya mbu. Sakafu imepasuka kuanzia mlangoni hadi chini ya kitanda, sisimizi wanatokea humo humo. Na sigara haachi, wakati nimesoma hiyo gesi inatoka ardhini, haina harufu wala rangi, inaleta kansa ya mapafu na kwa mvutaji hatari inazidi sana. WHO wanataka isizidi bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo.

Vyumba vingine sina presha navyo, madirisha ya nondo wazi mchana kutwa upepo wa bahari unapita.

Kuna aliyewahi kupimiwa na watu wa TAEC (Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania) nyumbani, au wao ni migodini tu? Kile kipimo cha mkaa unaonasa hiyo gesi, cha siku chache, nikiagiza, majibu napatia wapi? Kuziba ufa nishaanza, ila gunia mzee kagoma kulitoa.