Tupeane uzoefu: uliumia goti zamani, mguu uliurudishiaje nguvu?

Winga wa Makorora
Assalaam alaykum, na habari za jioni ndugu zangu wa Tanga. Uzi huu ni wetu sisi tulioumia magoti zamani, jeraha likapona, lakini mguu haukurudi kuwa ule. Mimi niliumia kwenye chandimu, kano ya goti ikachanika kiasi. Maumivu yaliisha, nikarudi kazini. Kilichobaki ni paja la kulia kunywea, unaliona kwa macho, na nikishuka ngazi goti linataka kukunjika lenyewe.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinieleza jambo ambalo kijiweni halisemwi. Goti likivimba, msuli wa mbele ya paja haupati amri kamili kutoka kwenye ubongo, unalegea. Uvimbe ukiondoka, msuli ule unaweza kubaki dhaifu miaka, na ndio unaolibeba goti unaposhuka ngazi. Akanianzishia kitandani: taulo lililokunjwa chini ya goti, unalikandamiza mpaka paja likaze, unahesabu hadi 5, unaachia. Mara 10. Kisha unakunja mguu usioumia, ule mbovu unaunyanyua ukiwa umenyooka hadi usawa wa goti la pili, na kuushusha polepole. Usiuangushe, kule kushusha ndiko kwenye kazi.

Kila atakayechangia aseme aliumiaje, alifanya nini, na goti lilijibu vipi. Na kama goti lako halijawahi kupimwa, lianzie hospitali.

Bibi wa Chumbageni
Mwanangu, mimi mpira siujui, niliteleza uani wakati wa masika. Mashaka yangu yalikuwa sala na choo cha kuchuchumaa. Mjukuu wangu akanipeleka hospitali ya Bombo, nikafundishwa zoezi la kiti. Kiti kigumu, nyuma yake ukutani kisikimbie. Unainuka bila kujishika, unaketi taratibu kama unayeatamia mayai. Mwanzo niliweka mto juu ya kiti, maana kiti kikiwa kifupi goti linakunjika zaidi na linabeba zaidi. Nilipopata nguvu nikautoa mto. Sasa narukuu vizuri, alhamdulillah. Sijida bado naifanya nikiwa kitini, na dini imeturuhusu.

Jingine, wanangu: goti lililovimba msilipeleke kuchuliwa kwa nguvu. Mafuta ya nazi yanaburudisha, lakini msuli hayajengi.

Fundi Baiskeli, Ngamiani
Shikamoo bibi. Tanga hii kila nyumba ina baiskeli, kwa hiyo niseme la kwangu. Wateja wengi wanaolalamika magoti, ukitazama, tandiko liko chini mno. Goti linakunjika sana kila mzunguko na linabanwa kwa mbele. Kipimo ni hiki: kaa kwenye tandiko, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga sasa kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa.

Mimi niliumia kwa kubeba gunia, gegedu la ndani likachanika. Nilirudi kwa njia tambarare ya Raskazone asubuhi, bila mzigo wala abiria, nikikanyaga kwa wepesi. Kwa goti langu baiskeli ilikuwa rahisi kuliko kutembea. Mtu asianze na kupakia ndoo za maji.

Binti wa Pangani
Bodaboda ilinilaza, nikatembea na magongo. Kilichonisaidia ni bahari. Maji ya kiunoni yanakupunguzia karibu nusu ya uzito wako, ya kifuani yanapunguza zaidi. Nilikuwa nasubiri maji yajae, natembea mbele na kinyumenyume, pamoja na dada yangu, kamwe si peke yangu. Kuogelea kwa mtindo wa chura niliacha, ile teke ya pembeni inalipinda goti.

Ila maji hayatoshi, na hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu wengi huishia hapo. Ukitoka majini uzito wako wote unakusubiri. Nilihamia kwenye kibaraza cha chini: unapanda kwa mguu ulioumia, unashuka taratibu, goti likielekea vidole vya mguu, lisiingie ndani. Mbele ya kioo utaliona likikimbilia ndani. Kwangu chanzo kilikuwa nyonga dhaifu, nikaongeza zoezi la kulala ubavu na kunyanyua mguu wa juu.

Kipa wa Pongwe
Winga, kaka, unajuaje kama umezidisha?

Winga wa Makorora
Mimi hupima kesho yake. Wakati wa zoezi, maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10 yasipite 3. Nikiamka goti limevimba au limekakamaa kuliko jana, napunguza. Mazoezi mazito ya msuli ni mara 2 au 3 kwa wiki, katikati napumzika. Na uwe na subira, kaka: msuli kuongezeka kwa kuonekana ni kazi ya miezi, wiki za mwanzo unapata nguvu tu bila paja kunenepa. Goti likinasa lisinyooke, likiwa la moto pamoja na homa, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, hilo si la mazoezi, wahi hospitali siku hiyo hiyo.

Kipa wa Pongwe
Nimekuelewa. Na uwanjani je? Mimi nilifanyiwa upasuaji wa kano ya mbele ya goti, na wenzangu wananiita.

Winga wa Makorora
Kwa upasuaji huo wataalamu wengi wanataka angalau miezi 9 ipite, na mguu ulioumia ufikie asilimia 90 ya nguvu za mwenzake, tena kwa kupimwa, si kwa kujisikia. Mwombe anayekuhudumia akupime kuruka kwa mguu mmoja, kila mguu kwa zamu yake. Wenzako waambie wakuwekee nafasi ya kocha wa makipa kwa sasa.