Uzi wa walioendesha magari ya zimamoto Dar: tupeane uzoefu, hasa yale ambayo leseni haikufundishi

Kisima Kirefu (mwanzisha uzi):
Wakuu, salama humu? Nimeendesha malori ya mchanga miaka 9 kabla ya kuhamia gari la zimamoto la kampuni binafsi hapa mjini. Nilikuja na kiburi changu. Leseni daraja E, ile ya malori, ninayo, barabara zote nazijua, nifundishwe nini tena?

Saa kumi alfajiri tunarudi kutoka Vingunguti. Moto umekwisha, king'ora tumezima, barabara nyeupe. Tenki ni la lita 5,000, limebaki nusu. Kufika Buguruni nikakata kulia kama nilivyozoea na mchanga. Sasa mchanga ukishapakiwa umelala. Maji hayalali. Tani mbili na nusu zilihamia kushoto kwa mkupuo, nikasikia kishindo mgongoni, usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli, halafu yale maji yakarudi kulia. Kama matairi ya kulia yaliacha lami au hayakuacha, mimi sijui, nilikuwa nasoma shahada.

Mzee aliyekaa pembeni yangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Dogo, unapunguza kabla ya kona, sio ndani ya kona." Kisha akafunga macho, akaendelea kusinzia.

Tenki likijaa kabisa gari ni zito lakini linatabirika. Likiwa tupu, hakuna neno. Hiyo nusu ndiyo muuaji, hata kama ndani kuna kuta za kuvunja mawimbi. Leteni ya kwenu.

Mwanadada wa Kofia Njano:
Mimi si dereva, nakaa nyuma. Zamani tulikuwa tunavaa gari likiwa mwendoni, buti mguu mmoja, koti linaning'inia, mkanda hakuna aliyefunga. Siku moja dereva akakwepa bodaboda pale Magomeni, mwenzangu akaenda na paji la uso kwenye nondo ya kiti. Nyuzi 6. Moto wenyewe tulipofika ulikuwa jiko la chipsi, wenye nyumba wameshauzima kwa mchanga. Sasa hivi hatuondoki mpaka kila mtu amevaa na amefunga mkanda. Dakika moja tu hiyo.

Konda Mstaafu:
Niongee upande wa pili. Mnatulaumu hatupishi, lakini kwenye daladala muziki uko juu, abiria wanabishana na mimi chenji, king'ora nakisikia mkishafika kwenye bampa. Halafu nimeona ajali hii kwa macho yangu: gari la zimamoto limepita taa nyekundu, watu wote wamesimama, wakaona imekwisha, wakaondoa. Kumbe kuna la pili nyuma! King'ora ni kile kile, nani atajua ni mawili?

Kisima Kirefu:
@Konda Mstaafu umegusa penyewe, kiongozi. Gari la pili ndilo hatari zaidi. Sisi tumekubaliana la nyuma liachie nafasi na libadilishe mlio, na likifika kwenye taa nyekundu lipunguze mpaka dereva aone macho ya wale wa kila upande. King'ora kinaomba njia, hakikupi njia. Na nyie bodaboda mnaotufuata mkiani ili mpenye foleni, tukikanyaga breki mtatuingia uvunguni. Acheni.

Kijana Tandale:
Shikamooni. Huku kwetu gari lilikuja nyumba ya jirani inaungua, watu wakalirushia mawe eti limekuja bila maji.

Kisima Kirefu:
Marahaba mdogo wangu. Piga hesabu: pampu ikitoa lita 2,000 kwa dakika, tenki langu limekauka kabla hujamaliza kuvuta sigara. Baada ya hapo nategemea hidranti, lile bomba la barabarani la kujazia maji, iwepo na isiwe imejengewa kibanda juu. Vichochoro vya huko navyo tunaingia kwa rivasi, na mtu lazima ashuke aniongoze kwa nyuma. Siku moja hakushuka mtu, nikabomoa meza mbili za nyanya na mwavuli wa mama muuzaji. Nililipa mfukoni mwangu.

Kijana Tandale:
Nina leseni daraja D na nina hamu sana ya hiyo kazi. Inatosha?

Kisima Kirefu:
D ni gari dogo lako la kwendea sokoni. Kasome udereva wa malori, VETA wa ufundi stadi wapo, NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, wapo, upate E, kisha endesha mizigo mizito usiku na mvua. Ukija kwetu hutagusa king'ora miezi ya mwanzo. Utazunguka uwanjani na nusu tenki, ukisimama taratibu, mpaka uzoee ule msukumo wa maji unaokuja baada ya gari kusimama. Na asubuhi kazi yako ya kwanza ni kuangalia geji ya upepo wa breki. Upepo haujajaa, gari haliondoki, hata kama inaungua nyumba ya bosi.

Mwanadada wa Kofia Njano:
Na ajifunze kufunga buti akiwa amesimama.